Waifai ya Mama Adan

Qabale hajui kula peke yake. Hilo ndilo kosa lake, na nalisema nikiwa mmoja wa walionufaika nalo. Kwao Waorma, mwanamke mwenye maziwa hafungi kibuyu chake huku jirani anakunywa chai ya rangi. Ni aibu, na aibu hiyo inarithiwa na watoto. Sasa alipowekewa waifai nyumbani kwake hapa Garsen, akaichukulia vivyo hivyo. Mafundi hawajashuka kwenye paa, paswadi imeshafika nyumba ya saba. Mimi nyumba yangu ni ya tatu. Nashona nguo, na mishono ya Eid naitazama kwa waifai yake hadi leo.

"Mama Adan, watakumaliza hawa," nilimwambia Qabale.

"Ni hewa tu, Laila. Hewa utanyima nani?"

Ubishi wake wote ndio huo. Mimi ni Mpokomo, mtu wa shamba na mpaka wa shamba, na siku zote nimeona mtu asiyejua kufunga mlango atakuja kufungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Sikujua kwamba itatokea kweli.

Kazi yake ni kuzunguka kwa wafugaji akiuliza malisho yakoje, maji yako wapi, ng'ombe gani wanakohoa. Jioni huyaandika kwenye kompyuta na kuyatuma kwa shirika moja la mifugo. Ameifanya miaka minne, kibarua tu, bila barua wala cheo. Shule alimaliza ukubwani, akiwa na watoto watatu, anaosha vyombo kitabu kiko juu ya debe. Basi shirika lilipotangaza nafasi moja ya msimamizi wa Garsen yote, ya kudumu, sisi majirani tuliona Mungu amemkumbuka. Ila mwisho wa umri ulikuwa miaka arobaini na mitano, na Qabale alikuwa anaitimiza mwezi uliofuata. Akiikosa hii, ameikosa moja kwa moja.

Mtihani ulikuwa Jumamosi, saa tatu hadi saa tano asubuhi, kwenye kompyuta tu. Simu haikubaliwi. Saa tano ikigonga, mlango wa mtihani unajifunga wenyewe.

Ni lazima nimtaje Fardosa hapa, ingawa jina lake linanikera kinywani. Fardosa alifanya kibarua hicho hicho, na nyumba yake imepakana na ya Qabale, ua mmoja wa mabati katikati. Mamake alifariki akimzaa. Darmi, mamake Qabale, wakati huo alikuwa ananyonyesha, akamchukua yule mchanga akamweka titi la pili. Kwa dini yetu hao ni ndugu. Hata kaka zake Qabale hawawezi kumuoa Fardosa. Darmi alipofariki mwaka jana, Qabale alikaa matangani siku arobaini, akamwachia Fardosa funguo za nyumba pamoja na ile paswadi kubwa, ya kufungulia ruta yenyewe, ya kuamua nani anaingia na nani haingii. Sisi wengine hatukuwahi kupewa hiyo.

Na nafasi ya msimamizi ilipotangazwa, nilimuuliza Fardosa kama ataomba. Akaweka mkono kifuani mbele yangu. "Hiyo ni ya dada," alisema. Nikampenda siku hiyo, mjinga mimi.

Jumamosi saa tatu kasoro robo, Qabale aliniita. Kompyuta ilikuwa inauona mtandao wake, inajaribu kuingia, halafu inasema haiwezi. Simu yake ilikuwa inaingia vizuri. Yangu pia. Tukatazama kile kitufe chenye alama ya ndege, kilikuwa sawa. Tukazima kompyuta, tukawasha. Tukaiambia iusahau mtandao, tukaandika paswadi upya, herufi moja moja, mimi nasoma yeye anabonyeza. Ikazunguka, ikazunguka, ikakataa.

"Zima ruta," nikamwambia. Hilo hata mtoto wa madrasa anajua.

Akampigia Fardosa kwanza, kwa sababu Fardosa ndiye aliyezoea kuishika. Aliweka simu kwa sauti nikasikia. Fardosa akasema yuko Hola tangu jana, amempeleka mtoto kliniki.

"Pole dada! Leo ndio mtihani? Sasa sikiza. Usiguse ruta. Ukizima, kila kitu itapotea na utakaa siku mbili bila. Shida ni ya kompyuta yako. Hangaika na kompyuta."

"Basi nipe yako."

"Nimekuja nayo, wallahi."

Kwa hiyo tukahangaika na kompyuta. Tulijaribu bando ya simu, lakini upande wetu mnara wa simu ni wa kubahatisha. Ukurasa wa mtihani ulifunguka nusu ukafa. Nikatuma mtu wa boda akatazame saiba, lile duka la kompyuta za kukodi, mjini. Imefungwa, mwenyewe ameenda harusi Kipini. Ilikuwa saa nne kasoro. Mara mbili nilinyoosha mkono kuzima ile ruta, na mara mbili Qabale akanizuia. "Fardosa amesema tusiguse." Alilisema kama mtu anayesoma aya. Jasho lilikuwa linamtiririka, na shati jeupe alilovaa kwa ajili ya mtihani usioona mtu lilikuwa limemganda mgongoni.

Mwishowe nikampigia Mwaringa, fundi wa simu wa pale stendi. Alifika saa nne na nusu na kompyuta yake ndogo mgongoni. Hakuuliza mengi. Alifungua ruta kwa waya, akamwomba Qabale paswadi kubwa, kisha akapitia orodha ya vifaa vilivyoingia.

"Mama Adan, mashine yako si mbovu," akasema. "Imefungiwa. Humu ndani kuna watu kumi na moja wanatumia, na iliyokatazwa ni kompyuta yako peke yake. Imefanywa jana jioni."

"Nani amefungia?"

"Mwenye hii paswadi."

Qabale akasema haiwezekani. Akasema labda Fardosa alibonyeza vibaya, labda watoto wake walichezea, na tena yuko Hola tangu jana. Mwaringa, ambaye hakumjua Fardosa hata kwa sura, akaweka kidole kwenye orodha. "Na hii je? Kompyuta imeandikwa Fardosa. Inatumia sasa hivi. Waifai hii haivuki hata lile duka la pale, sembuse kufika Hola." Kisha akabonyeza mara mbili tatu, na kompyuta ya Qabale ikaingia. Hivyo tu. Ukurasa wa mtihani ukafunguka, mzima, na saa yake pembeni: zimebaki dakika kumi na tisa.

"Na huyu nimtoe?" Mwaringa akauliza.

"Mtoe!" nilisema mimi.

"Mwache," akasema Qabale.

Hakukaa. Alichukua simu, akatoka nje kwa miguu mitupu, akaenda hadi kwenye ua wa mabati, akapiga. Nilimfuata nikimvuta mkono, namwambia dada, maswali, rudi kwenye maswali, hata ukijibu kumi. Simu ikapokelewa.

"Dada, imerudi?" Fardosa aliuliza, na sauti yake tuliisikia mara mbili, kwenye simu na nyuma ya bati.

"Uko wapi?" Qabale akauliza taratibu.

"Hola, kliniki. Foleni ni refu, watu wengi sana. Wewe endelea tu na kompyuta."

Nyuma ya bati, vidole vilikuwa vinabonyeza. Hatukumwona, lakini hatua tatu tu zilitutenga. Qabale aliegemeza paji la uso kwenye bati lenye joto lile la saa tano, na akaanza kumuuliza mtoto anaendeleaje, homa imeshuka, amekula nini. Fardosa akajibu yote. Homa imeshuka kidogo. Amekula uji. Daktari bado. Nilitaka kupiga kelele, na Qabale akaninyooshea kiganja ninyamaze.

Aliendelea kumuuliza hivyo hivyo hadi Mwaringa akatokea mlangoni akatikisa kichwa. Saa tano imegonga.

Fardosa ndiye msimamizi sasa. Ana barua, ana cheo, na taarifa za Qabale za kila wiki zinapitia kwake. Mimi nilikasirika na wote wawili, na Qabale nikamkasirikia zaidi, kwa sababu mwizi nafahamu anachotaka. Siku ya tatu nilishindwa, nikamwambia: dakika kumi na tisa, Mama Adan! Nafasi ya maisha yako, mtandao upo, maswali yapo, wewe umesimama juani unauliza habari za uji. Ulikuwa unafanya nini pale?

Alikuwa anakunja nguo. Alikunja mbili zaidi kabla ya kunijibu.

"Nilikuwa namngoja aseme ukweli," akasema. "Nilijua angesema."