Elihuruma, uliyemshusha baba yangu kwenye ndege

Jamani, mpaka sasa sijaamini. Kaka Elihuruma ametutoka jana alfajiri. Mjukuu ndiye anayeandika hapa, maneno ni yangu mimi bibi yenu.

Wengi mlimjua kama mzee wa kanisa, mpole. Mimi nilimjua enzi za Mwingereza, kibarua wa kufyeka majani kwenye uwanja wa ndege pale kijijini Kisiwani, chini ya milima yetu.

Kufyeka tu? Thubutu! Kila ndege ikiruka alihesabu hatua ilizokimbia, asubuhi na mchana wa jua kali. Akaweka jiwe la chokaa: ikifika hapa haijapaa, isimame. Wenzake walimcheka sana.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Tumbo limevimba siku ya tatu, mvua imekata barabara, na kandege kadogo kakaja kunipeleka hospitali Moshi.

Sasa Wapare tumwache mgeni aondoke mikono mitupu? Akina mama walishuka mlimani na mikungu ya ndizi, magunia ya viazi, hadi jogoo. Rubani, kijana wa Kizungu mwenye adabu zake, akapokea vyote. Overload, uzito kupita kiasi, wanangu!

Mimi na baba tukiwa ndani, ndege ikakimbia mpaka kwenye jiwe, magurudumu bado yako chini. Rubani akafunga breki, akageuza.

Elihuruma akaja mbio, akafungua mlango, akaanza kushusha. Wa kwanza ulikuwa mkungu wa mama yake mzazi. Wazee wakafoka, "Unatutia aibu!"

"Shikamooni wazee. Bawa ndilo linalobeba, injini inalisukuma tu. Ndege hii mabawa yake mafupi, injini ndogo, na kwa jua hili hewa ni nyepesi, bawa halina cha kuegemea. Mtoto atakufa na ndizi zenu."

Kisha akamgeukia baba yangu, mtu wa miraba minne. "Shikamoo baba. Na wewe shuka."

Baba alinitazama. Akashuka.

Mara ya pili tulipaa kabla ya jiwe. Nililia njia nzima, peke yangu na yule Mzungu, lakini nilifika. Nikapasuliwa jioni ile ile.

Baba hakuwahi kumlaumu. Mpaka anafariki alikuwa akiwaambia wageni, "Yule pale ndiye aliyenishusha," kwa fahari kabisa.

Najivunia wewe, kaka. Hukusomea urubani popote. Ulitazama kwa makini, ukathubutu kusema mbele ya wakubwa.

Lala salama, Elihuruma. Mimi yule mtoto nimezaa wanaume sita. Kesho wao ndio watakaobeba jeneza lako.