Kadi ya Kiti cha Mbele

Serikali ilipowaachia watu binafsi biashara, Bariadi ilijaa mabasi. Mwenye basi mmoja wa njia ya Mwanza akaleta jambo jipya: kadi ya abiria maalumu. Ukiwa nayo, kiti cha mbele pale mlangoni ni chako mwaka mzima, mzigo wako unapakiwa kwanza, na mkifika Lamadi unapewa soda. Nauli unalipa kama kawaida. Ada ya kadi ilikuwa bei ya mtamba, ng'ombe jike ambaye hajazaa.

Mtamba tulikuwa naye, ila alikuwa wa mama. Alitaka kumuuza akodi pikapu ya kumleta bibi, mama yake, kutoka Nassa. Bibi alikuwa na magoti mabovu, hawezi kugombania kiti wala kusimama njia nzima, na hakuwahi kuiona nyumba yetu.

Baba akaitisha kikao cha ndugu, akazipima faida za kadi kwa umakini ambao pamba yetu haikuwahi kuupata. Baba mdogo akauliza anasafiri mara ngapi kwa mwaka. Baba akajibu kwamba hasafiri kwa sababu hana kadi. Kikao kizima kikatikisa kichwa kukubali. Hasira ile ninayo mpaka leo, ingawa nacheka. Mtamba akaenda mnadani.

Basi baba akawa anakwenda Mwanza kila Alhamisi, kadi isije ikamwozea mfukoni. Shughuli hakuwa nayo. Alikunywa chai stendi, akageuza na basi lile lile. Alibeba gunia la michembe, vile viazi vyetu vya kukausha, akarudi nalo, mradi tu lipakiwe kwanza.

Nilipofunga shule Mwanza nilirudi naye, nimekaa nyuma yake. Tulipofika Nassa basi likasimama. Ikatangulia kupanda fimbo, kisha bibi.

Baba aliruka kama aliyekalia kaa la moto. Kwetu mwanamume hakai karibu na mama mkwe wake, achilia mbali goti kwa goti. Aliinamisha uso, akapenya mpaka kiti cha mwisho, akajibanza kati ya kuku na watoto wa watu. Konda akamfuata kumsihi arudi kwenye haki yake.

"Kiti kina mwenyewe," baba alinong'ona.

Bibi akakaa. Lamadi soda ikaletwa mbele kama ilivyo desturi, naye akainywa yote, polepole.

Stendi ya Bariadi mama alikuwa anatusubiri, amevaa khanga mpya, wali umeshaiva nyumbani. Ndipo nikajua nani alimtumia bibi ujumbe apande Alhamisi. Walikumbatiana wakilia, nami nikalia kwa furaha. Baba alisalimia kwa mbali, amegeukia ukuta wa choo cha stendi.

Bibi alikaa kwetu miezi. Kadi ilipokaribia kwisha, baba alitangaza kwamba ni wizi mtupu na haongezi hata siku moja.

Mama akaweka ungo chini.

"Ongeza, baba," alisema. "Mama bado hajarudi kwao."