Spika za Bwana Mifugo

Habari ya kifo chake nimeipata kwa dereva wa lori la maharage. Alizima injini, akashuka, akanipa mkono kwanza kama inavyotakiwa, ndipo akasema, "Mwalimu, pole. Yule rafiki yako wa fidla tumemzika Kitahana." Hakusema Bwana Mifugo, ingawa ndilo jina ambalo wilaya nzima ilimwita kwalo. Marehemu alichanja ng'ombe wa Kibondo mpaka mgongo ukapinda. Alitembea kwa miguu kwenda vijiji ambavyo wakubwa wake walivijua kwa kuvisoma tu kwenye ripoti alizowaandikia yeye. Lakini ukimtaja leo, mtu hakumbuki ng'ombe hata mmoja. Anakumbuka kwamba hapa petu paliwahi kuwa na mtu aliyesikiliza muziki wa Wazungu wa kale huku amefumba macho. Utumishi wa umma una shukrani za ajabu.

Serikali ndiyo iliyomponza. Ilimpeleka Ulaya, kwenye nchi ya baridi, akajifunze magonjwa ya mifugo. Akarudi na cheti, koti zito ambalo lilikuja kuwa godoro la paka, na kanda za okestra. Mkewe, muuguzi wa hospitali na mwanamke wa maneno machache, aliposikia fidla zile mara ya kwanza aliweka mwiko chini akauliza, "Hawa watu wamefiwa?" Bwana Mifugo alimweleza kwamba huo ni utulivu, si msiba. "Basi waambie na wao," mama akajibu, akaendelea kusonga ugali.

Tatizo lilikuwa chombo. Alikuwa na redio kaseti ndogo ya mkulima, na kwenye redio ile okestra nzima ilisikika kama mbu waliofungiwa ndani ya chandarua. Soko huria lilipofunguka na maduka ya Kasulu yakajaa bidhaa, alikuja kwangu Kasulu, amejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, akaniambia twende tukachague redio. Nikafikiri ni kazi ya nusu saa.

Wasomaji vijana hawajui tulivyonunua redio wakati ule. Ulitazama kwanza taa. Redio yenye taa nyekundu na kijani zinazocheza ilikuwa na hadhi kuliko isiyo nazo, hata kama sauti yake ilikwaruza. Kisha ulimwacha muuzaji aifungulie mpaka mwisho, wewe ukatoka nje ukatembea. Ukifika mashine ya kusaga na bado unaisikia, unarudi unalipa. "Inapiga mpaka wapi?" ndilo lilikuwa swali. Hakuna aliyeuliza inapiga nini.

Mwenye duka, mzee mmoja mwenye asili ya Tanga, kofia safi na subira ya duka tupu, alituwashia lile dude kubwa kuliko yote. Bati la duka likatetemeka. Watu wakasimama barabarani kutazama. Bwana Mifugo akanyoosha mkono akapunguza sauti. Akapunguza tena. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yake, akaweka kanda yake, akainamisha kichwa.

"Bwana Mifugo, imeharibika?" mzee akauliza.

"Hapana. Nataka nisikie ukimya wake. Wanaponyamaza, nisikie wamenyamaza kweli."

Mzee alinitazama mimi kwanza, kana kwamba ndimi niliyekuja na mgonjwa. "Ndugu yangu, ukimya hauuzwi hapa dukani. Nenda nao nyumbani, huko nje umejaa tele."

Hata hivyo alikuwa mfanyabiashara wa kweli, na mfanyabiashara wa kweli hana mteja mwendawazimu. Aliingia stoo akatoka na amplifaya nyeusi isiyo na taa hata moja, deki ya kanda, na spika mbili za mbao zilizokuwa zimekaa miaka bila mnunuzi kwa sababu zilifanana na mizinga ya nyuki. Bwana Mifugo aliziweka mbalimbali, akakaa katikati. Fidla zikaingia kutoka kushoto, zeze nene zikajibu kutoka kulia, na kati yao, naapa, palikuwa na mtu anavuta pumzi. Mnunuzi mwingine aliyekuwa akingoja zamu yake alisema kwa huruma, "Mzee, hii hata jirani hasikii." Rafiki yangu akajibu, "Jirani sikumwalika."

Lakini baadaye aliwaalika wakubwa wa wilaya, na hilo lilikuwa kosa. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada. Aliwaomba wasiongee na wasipige makofi mpaka mwisho. Walikaa wamejinyoosha kama watu wanaopigwa picha. Kila muziki uliposhuka kidogo, mmoja wao aliyezoea mikutano alipiga makofi na wenzake wakamfuata, maana kwetu ofisa akipiga makofi wewe huwezi kubaki na mikono mitupu. Walipoondoka walimsifu kwa hotuba nzuri. Ndani ya mwezi kila mmoja alikuwa amenunua stereo ya kisomi kama yeye, isipokuwa ya kwao ilikuwa na taa, na ilisikika mpaka mashine ya kusaga.

Ndipo wakaja wakimbizi kutoka Burundi, barabara zikajaa watu, vyungu na magodoro. Mkewe alipelekwa kufanya kazi mapokezi. Siku moja mchana alirudi, hakuvua hata viatu. Watoto waliopotezana na wazazi wao walikuwa wamekusanywa chini ya turubai, alisema, na wazazi wako upande wa pili wa umati uleule, lakini hakuna sauti inayofika. Kipaza sauti cha wilaya kilikuwa kimesafiri na gari la mkubwa fulani. "Una sauti mbili humu ndani zinasikilizwa na mtu mmoja," akasema.

Bwana Mifugo alinieleza mwenyewe kwamba alikasirika. Alijua zile si spika za uwanjani. Alijua vumbi litafanya nini. Kisha akainama akaanza kufungua waya.

Aliziweka juu ya meza za mapokezi, akaomba jenereta na maikrofoni, akapunguza sauti kama kawaida yake. Mkewe alisoma majina ya watoto kwa Kirundi, taratibu, kama anavyosema na mgonjwa. Mimi nilikuwepo, nimepeleka nguo zilizochangwa shuleni kwetu. Umati ule ulinyamaza, kila mtu akisubiri lake. Kisha mwanamke mmoja akapiga yowe, "Ni umwana wanje!" yaani ni mwanangu, akapita juu ya mizigo ya watu bila viatu. Bwana Mifugo aligeukia ukuta. Nilidhani anakagua waya.

Wiki hiyohiyo akaja mgeni rasmi. Mheshimiwa alipewa maikrofoni, akaona haina nguvu inayolingana na cheo chake, akaamuru ifunguliwe mpaka mwisho. Bwana Mifugo akasema kwa adabu, "Mheshimiwa, inasikika hivyohivyo." Akaambiwa akae. Hotuba ilihusu mshikamano. Ilipofika kwenye neno mshikamano kwa mara nyingine tena, spika ya kushoto ilipasuka karatasi yake, ikatoa sauti ya mbuzi, ikanyamaza. Watu wakapiga makofi.

Aliomba fidia. Iliundwa kamati, na kamati ikataka kujua kama spika ilikuwa kazini kwa kibali. Mpaka wanamzika ilikuwa bado inataka kujua. Kwa miaka iliyobaki alisikiliza nusu ya okestra. Nilipomtembelea aliniambia anawasikia wale wa kushoto kichwani, na kwamba siku hizi mkewe hukaa naye mpaka kanda iishe.

Wakimbizi walipoongezeka, wakubwa wa wilaya walirudi kumwomba ile spika iliyobaki. Mimi ningekataa. Yeye aliwaazima kwa siku chache, kwa sharti moja alilomwambia mkuu wake mbele ya watu: mtu yeyote mwenye cheo asiiguse. Mkuu alicheka, akakubali, na kwa mara ya kwanza katika wilaya ile nesi alisema siku nzima na wakubwa wakakaa wakisikiliza.

Sasa vyombo vya kupigia kelele vimetujaa, msikitini, kanisani, harusini, kwenye kampeni, na kila mtu anauliza vina wati ngapi. Ninyi mnaojiandaa kununua, fanyeni kama alivyofanya marehemu: vuteni kiti, punguzeni sauti, kisha jipimeni wenyewe kabla ya kukipima chombo, mko tayari kunyamaza kwa muda gani ili mwingine asikike.