Watu Sita wa Nyumba ya Mbayang

Mbayang Ndiaye ni muuza samaki wa kukaushwa. Alizaliwa Guet Ndar, mtaa wa wavuvi kwenye ukanda mwembamba wa mchanga kati ya mto na bahari, na kwa miaka hamsini na minne hajalala kwingine. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vinne. Bahari ilichukua viwili mwaka juzi, cha tatu Februari. Katika kilichobaki walilala kumi na watatu: yeye, wanawe wawili, wake zao, na wajukuu wanane.

Karani wa kuhesabu watu alipokuja, mimi jirani wa Mbayang ndiye niliyemtembeza. Alikuwa binti wa ukoo wa Diop, watani wa akina Ndiaye tangu mababu, kwa hiyo Mbayang hakumkawiza.

"Andika uondoke, mtumwa wangu, kabla hujanusa sufuria."

Binti akamjibu kwamba wali wa akina Ndiaye hata paka huula kwa kuwaonea huruma. Wakacheka. Kisha akauliza humo ndani wanalala wangapi.

Kwetu watoto hawahesabiwi kwa sauti. Idadi ikishatamkwa, kifo nacho kimeisikia. Mbayang amezika wawili.

"Sita," alisema.

Nilijua si sita. Nikanyamaza, kwani hata wangu sijawahi kuwataja idadi.

Desemba ikabandikwa orodha ya nyumba mpya za bara, za kuwahamishia waliobomolewa na bahari. Kwa Mbayang: watu sita, chumba kimoja. Nilimsindikiza hadi ofisini ng'ambo ya daraja. Ofisa alikuwa mpole, akamvutia kiti, na Mbayang alipomwambia chumba kimoja hakiwatoshi, akamwonyesha alama ya kidole aliyomwekea karani kwenye karatasi.

"Mama, hapa ulisema sita. Hao wengine wametoka wapi?"

Mbayang akawahesabu, mmoja mmoja, jina na nambari, hadi kumi na tatu. Ofisa alisikiliza mpaka mwisho, akasema anamwamini kabisa, ila orodha ilifungwa Oktoba na yeye hana ufunguo wake.

Tulirudi kwa miguu. Katikati ya daraja akasimama.

"Nimeshawataja wote," aliniambia. "Sasa nitawafichaje tena?"

Jumatano lori la kuwahamishia bara lilikuja. Aliwapandisha mwanawe mkubwa, mkewe, na wajukuu wanne waliokuwa wadogo zaidi. Chumbani wamebaki saba, yeye mwenyewe akiwa wa saba, na maji yakijaa hufika kizingitini.