Futi Mbili Juu ya Meja

Watu wa Hagby, kijiji chetu huku Uingereza, wakimtaka Thelma Cawthorne humpigia simu kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizia dawa ya fangasi. Panya kaonekana jikoni, lakini jirani asijue. Nyigu wamejenga darini, na wakwe wanakuja Jumapili. "Na tafadhali, Thelma, gari uliegeshe nyuma." Gari lenyewe ni pikapu kuukuu yenye maandishi mekundu ubavuni, aliyoyapaka kwa mkono wake: CAWTHORNE: SUNGURA, PANYA, FUKO, NYIGU. Thelma huliegesha mbele, mlangoni kabisa, kisha hupiga honi.

"Nione aibu ya nini?" husema. "Panya ni wao. Sikuja naye."

Ana miaka hamsini na kitu, mfupi, mabega mapana, na mkono wa kulia umejaa makovu madogo ya meno. Kazi aliirithi kwa baba yake. Mzee alikuwa na wana wawili wa kiume aliowategemea, lakini mmoja akaenda kuuza bima na wa pili anaogopa panya mpaka leo. Nyavu zikamwangukia binti. Bado wapo wenye mashamba wageni ambao, akishuka garini, humtazama nyuma ya bega kana kwamba kuna mtu kamili anayekuja.

"Na bwana je, yuko njiani?"

"Bwana alikuja zamani, akaondoka zamani. Unataka sungura watoke, au unataka tuongee ndoa yangu?"

Mwaka wake haufanani na wetu. Majira ya maua ni fuko wanaofumua bustani za watu. Kiangazi ni nyigu. Majani yakianza kudondoka, panya huingia majumbani kutafuta joto, na wenye nyumba hugundua ghafla kwamba Thelma ni mtu muhimu. Lakini hayo yote ni chenji. Mshahara ni sungura, na sungura ni kazi ya baridi. Wanakula ngano changa hadi shamba linabaki na upara, na mkulima wa mkoa wetu wa Lincolnshire akiona upara shambani huchanganyikiwa kuliko akiuona kichwani.

Thelma hatumii sumu kwa sungura. Anatumia fereti, jamaa mwembamba wa ukoo wa kicheche, mrefu kama mkono wa sweta na mwenye harufu ya soksi. Unafunika kila tundu la sungura kwa wavu, unamshusha fereti ndani, unakaa kimya. Chini huko sungura wananusa kifo, wanatoka mbio, wanajifunga wenyewe wavuni. Thelma huvunja shingo kwa mkupuo mmoja, bila hotuba. Zamani bucha ya mjini ilichukua wote. Siku hizi inachukua wachache, kwa sababu wateja wanataka kuku asiyekuwa na uso. Tena kuna miaka ugonjwa hupita mashimoni ukafagia sungura wote, na wakulima wanafurahi, na simu ya Thelma inanyamaza. Ndiye mtu pekee wilayani anayewaombea sungura afya njema ili aende kuwavunja shingo.

Kwa hiyo kila baridi alitegemea shamba moja kuliko yote, la Giles Haddersley. Ni kubwa, lina vichaka na miteremko, na sungura wake hawana mwisho. Ukimwondolea Thelma shamba hilo, umemwondolea nusu ya baridi. Hilo kila mtu Hagby alilijua, na Giles alilijua kuliko wote.

Mke wa Giles, Bi Daphne, ni mzee wa kanisa letu. Ndiye mwenye funguo, ndiye mwenye maua, ndiye anayemkumbusha kasisi jina la Jumapili kwenye kalenda ya kanisa. Jumamosi moja ya Februari palikuwa na harusi kanisani saa nane mchana. Asubuhi Bi Daphne alikwenda makaburini akakuta sungura wamekula maua aliyoweka juu ya kaburi la baba mkwe wake, marehemu Meja Haddersley, na kando ya jiwe wamefungua tundu jipya la kuingiza mguu. Akamwona kwa macho ya moyo mgeni wa harusi mwenye kisigino kirefu akitumbukia kwa Meja. Akapiga simu.

Thelma alikuwa bado na nguo za kulalia. "Sasa hivi," aliambiwa. Alimshika fereti wa kwanza aliyemwona, akaondoka.

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mtu wa nje hudhani fereti mwenye njaa ndiye mchapakazi. Ni kinyume kabisa. Fereti lazima ale kabla ya kazi, ili akimkuta sungura amfukuze tu. Asipokula, anaua palepale chini, anashiba, analala. Huyo hatoki leo, pengine hatoki tena. Thelma analijua hilo tangu utotoni, na siku hiyo kwa haraka hakumlisha.

Fereti mwenyewe anaitwa Edna. Ni jina la aliyekuwa mama mkwe wake Thelma. "Kwa sababu ya meno," hueleza, akiulizwa na asipoulizwa.

Mimi nilikuwa pale nikipogoa ua wa miti wa kanisa kwa malipo ya saa, kwa hiyo niliona yote. Edna alishuka. Sungura wawili walitoka, wakanaswa. Kisha kimya. Thelma akasubiri. Akapiga goti, akaita kwa mdomo, akagonga ardhi. Akatoa kile kisanduku chake cha mkononi, maana fereti huvalishwa kola yenye redio ndogo, na kisanduku hulia ukimkaribia na kukuambia yuko kina gani. Akatembea nacho taratibu, kikaanza kulia kwa fujo katikati ya kaburi la Meja.

"Futi mbili," alisema, akatukana. Halafu akamtukana aliyesahau chakula, yaani yeye mwenyewe, kwa maneno mazito zaidi.

Alikwenda garini. Bi Daphne aliona anarudi na nini.

"Thelma, kipenzi. Hilo koleo halitoki garini."

"Limeshatoka, Bi Daphne."

"Hii ni ardhi takatifu. Huchimbi hapa bila kibali cha askofu."

"Sungura walipochimba, walileta kibali?"

Nilicheka. Bi Daphne akanitazama. Nikarudi kwenye ua wangu.

"Ni kaburi la baba yake Giles!"

"Najua la nani, nimesoma jiwe. Meja yuko futi sita. Edna yuko futi mbili. Hawatakutana."

Ndipo akaja kasisi wetu, Tobias Pym, kijana mpole anayehudumia makanisa matano kwa baiskeli moja. Bi Daphne akamvuta mkono.

"Kasisi, mwambie."

"Aa... kisheria, Thelma, kweli kinahitajika kibali."

"Kinachukua muda gani?"

"Kikienda haraka? Labda kiangazi."

"Edna hana kiangazi, Kasisi. Hana hata kesho."

"Mimi siwezi kusema ndiyo."

"Basi usiseme. Kuna mtu kakuuliza?"

Kasisi alitazama jiwe, akatazama koleo, akakumbuka kwamba kuna mgonjwa kijiji cha pili. Alipanda baiskeli kwa kasi ambayo hatukuwahi kumwona nayo, hata siku ya mvua.

Bi Daphne akabadili sauti, akaitia sukari. "Thelma, mpenzi, ni mnyama tu. Nitakununulia mwingine. Nitakununulia wawili."

"Meja alipokufa ulimwambia Giles hivyo?"

Mama wa watu akatoa simu akampigia mumewe.

Giles alifika na trekta, ndoo ya mbele imejaa udongo. Mpango wao ulikuwa mwepesi: kuziba matundu yote kabla ya wageni, na aliye ndani abaki ndani. Giles ni mtu mkubwa, mwekundu wa shingo, si mbaya sana akiwa baa. Alizima mashine akabaki juu ya kiti.

"Toka hapo, Thelma."

"Nikishamtoa, natoka."

"Huyo ni baba yangu."

"Na huyu ni fereti wangu. Wako alishakufa, Giles. Wangu bado."

"Nakwambia mara moja. Ukitia koleo kwenye kaburi la baba, shamba langu lisahau. Baridi hii na zote zijazo. Sitanii."

Hapo hata mimi niliacha kukata. Thelma alifungua chupa yake ya chai, akamimina kwenye kifuniko, akanywa taratibu akiangalia upande wa shamba la Haddersley, ambalo kutoka makaburini linaonekana lote, na vichaka vyake, na upara wake. Nilidhani anaaga fereti. Akakung'uta kifuniko, akakirudisha, akavua koti akalitandika juu ya nyasi. Kisha akakanyaga koleo likazama.

Giles alisema neno ambalo si la kanisani.

Thelma hakuchimba kama mtu mwenye hasira. Alikata majani na udongo wake vipande vipande, akavipanga juu ya koti kwa mpangilio, kama mtu anayefungua saa ambayo atatakiwa kuifunga. Akafukua. Alipofika kina cha mkono akalala kifudifudi juu ya Meja Haddersley, shavu limegusa jiwe, bega limezama shimoni, buti zinachezacheza hewani. Bi Daphne alifunika macho, akaacha nafasi kati ya vidole.

"Njoo, mama mkwe," Thelma alinong'ona chini. "Njoo, shetani wewe, njoo."

Akaguna. Akavuta. Edna akatoka ananing'inia, tumbo limejaa, macho mekundu kwa usingizi, na damu ya sungura mdomoni. Alikuwa na uso wa mtu aliyeamshwa sebuleni baada ya chakula cha Krismasi. Akamshukuru Thelma kwa kumuuma kidole gumba hadi mfupani.

"Asante," Thelma akasema. "Ndivyo ulivyo."

Alimtia ndani ya shati, akafukia, akashindilia, akarudisha kila kipande cha majani mahali pake, akapiga juu kwa bapa la koleo. Usingeambiwa, usingejua. Alichukua hata maua yaliyobaki, yale ambayo sungura waliyakataa, akayaweka sawa mbele ya jiwe. Bi Daphne akayasogeza kidogo kushoto ili ionekane ameyaweka yeye.

"Nilikwambia," Giles akasema kutoka juu.

"Nilikusikia. Sina tatizo la masikio." Thelma akachomoa ufunguo wa geti la shamba kwenye fungu lake, akautupia kwenye ndoo ya trekta, juu ya udongo. "Nyavu zangu ziko kwenye matundu mengine. Nakusanya, naondoka. Ukitaka kuziba, subiri, maana sizikati kwa ajili yako."

Na alisubiri. Zaidi ya nusu saa mtu mwenye shamba kubwa kuliko yote Hagby alikaa juu ya trekta akimwangalia mwanamke mwenye tope kifuani akikunja nyavu moja moja, fereti akikoroma ndani ya shati lake. Wageni wa kwanza wa harusi walishaanza kufika, wakadhani ni mila ya huku.

Giles hakutania. Wiki iliyofuata alileta bwana mmoja wa mjini mwenye vidonge vya gesi ya kuulia sungura mashimoni. Wakulima wanaokwenda kuwinda ndege pamoja na Giles nao wakapoteza namba ya Thelma kwa pamoja. Bi Daphne aliwaambia watu dukani kwamba kaburi la Meja limenajisiwa, na Thelma, aliyekuwa nyuma kwenye foleni na mkate wake, akasema kwa sauti, "Na nililirudisha vizuri kuliko mlivyolichimba nyie." Thelma akaanza kuosha vyombo baa nyakati za jioni. Anaosha kama anavyofanya kila kitu, kwa kelele.

Usiku mmoja wa kuosha nilimwuliza kama hajuti. Alinitazama kama nimeuliza kama maji yana maji.

"Mimi ndiye niliyemshusha na njaa," akasema. "Yeye kosa lake nini?"

Halafu Machi haijaisha, Nev Blakey akampigia simu. Nev anafuga nguruwe kwenye shamba jembamba linalopakana na la Haddersley, na hajasema na Giles tangu ugomvi wa mtaro. Alisema kwa sauti kubwa, hakunong'ona: sungura wanavuka ua kuja kwake, aje, na geti liko wazi. Ukanda ule hauwezi kumlisha mtu msimu mzima, na Thelma analijua hilo. Alikwenda. Alimlisha Edna kwanza, akamwonyesha bakuli tupu, akamwambia, "Umeona? Usije ukanisingizia."

Nilimpelekea sandwichi za nyama. Alikuwa amepanga nyavu kwenye ukingo wa ua, upande wa Nev, umbali wa mkono tu kutoka ardhi ya Giles, na sungura walikuwa wakitoka kwa zamu. Upande wa pili trekta likasimama. Giles akashuka, akaja hadi kwenye ua, akachungulia kati ya matawi.

"Thelma! Hao ni sungura wangu."

"Habari za asubuhi, Giles."

"Unawachukua mpakani kabisa! Wanatoka kwangu!"

"Wamekuja kwa miguu yao."

"Ni wangu, nasema!"

Thelma alimtoa mmoja wavuni, akammaliza, akamlaza kwenye nyasi pamoja na wenzake. Hakugeuka.

"Waite warudi, basi," akasema. "Waite kwa majina."

Akatega wavu upya.