Tiketi Mbili za Adoch

Oyet alistaafu upolisi akiwa na goti bovu, akaangukia kazi ya kulinda geti la ukumbi mmoja karibu na uwanja wa Nakivubo. Amelinda matamasha hadi basi, na hajaona hata moja. Mlinzi huligeuzia jukwaa mgongo, akawatazama watu. Mkewe Adoch, muuza karanga wa Bwaise, alichoshwa na habari hiyo. Akabanabana vihela vyake, akanunua tiketi mbili: safari hii mzee wake aombe ruhusa, aketi, atazame mbele kama binadamu wengine.

Tamasha lenyewe likafutwa. Tangazo getini likasema pesa zitarudishwa ofisini.

Basi watu wamejazana getini, na bosi amejifungia ndani. Ameagiza jambo moja tu: waambie ofisi imefungwa, warudi kesho. Oyet aliyarudia maneno hayo tangu asubuhi mpaka yakamchosha kuliko goti. Hakuna aliyemwamini, na kwa kweli hata yeye asingejiamini.

"Afande, hiyo kesho yako tulisikia jana," alisema Kaltumi, mama aliyesimama mbele kabisa. "Na ile gari nyeupe si ya bosi?"

Oyet akatazama chini. Mshahara wake wa mwezi ulikuwa bado mikononi mwa bosi huyohuyo.

Alipoinua macho alimwona Adoch kwenye foleni, amevaa gauni la kanisani, tiketi mkononi. Hakuwa amemwambia kwamba angekuja.

"Baba Lamwaka," Adoch aliuliza taratibu alipofika mbele, "ofisi iko wazi?"

Watu wakatega masikio. Dirishani kwa bosi pazia likasogea.

"Imefungwa," Oyet alisema. "Mrudi kesho."

Adoch akazikunja tiketi, akawageukia wenzake. "Twendeni nyumbani. Huyu ni bwana wangu. Tumezeeka pamoja, hajanidanganya hata siku moja."

Wakaguna, lakini wakaondoka. Neno la mke lilifanya kazi iliyomshinda Oyet asubuhi nzima.

Mara bosi akatoka na gari lake, akashusha kioo, akamshukuru kwa kazi nzuri. Oyet akafungua geti, akalishikilia hadi gari likapita. Ng'ambo ya barabara Adoch alikuwa bado anangoja teksi pamoja na Kaltumi. Kaltumi akanyoosha kidole. Adoch akalifuata lile gari jeupe kwa macho mpaka likapotea, kisha akamtazama mumewe.

Oyet alishindwa kumtazama. Akageuka, akampa mgongo, kama alivyozoea kazini.