Fundi Cherehani na Filamu za Lishe

Fundi cherehani wa mtaani kwetu hutazama filamu za mambo ya lishe kwenye simu aliyoiegemeza kwenye kopo la vifungo, huku miguu ikikanyaga cherehani bila kukosa hatua. Kila filamu humbadilishia jiko. Ya kwanza ilimwachisha sukari, ya pili maziwa, ya tatu mkate, na iliyofuata ikamrudishia maziwa. Huzisimulia kwa sauti ya chini, pini zikiwa midomoni, kama mtu anayetoa siri ya jirani. Mteja akimuuliza anajuaje kama ni kweli, hujibu, "Daktari mwenyewe kasema, tena kavaa na koti jeupe," kisha hucheka peke yake na kukata uzi kwa meno.

Jumanne niliyopeleka suruali ipunguzwe, filamu ilikuwa ya kisukari. Bwana mmoja alikuwa akieleza jinsi alivyoacha dawa, akala mboga mbichi siku arobaini, akapona. Mama yake fundi, anayeugua kisukari miaka mingi, alikuwa ameketi nyuma ya pazia. Akaita, "Mwanangu, umemsikia huyo? Basi na mimi niziache hizi dawa?"

Cherehani ikasimama. Fundi akatema pini moja moja kiganjani, akazima simu, akampelekea mama yake kidonge na maji, akasimama pale pale mpaka alipomeza.

"Lakini si wewe unayewaamini?" mama akauliza.

"Tumbo langu nimewapa walichezee, mama. Wewe siwapi."